Nusu Saa ya Mbwa

Katika juma moja nilipeleka wagonjwa wawili kwa madaktari wawili, na wote wawili wakaandikiwa dawa ileile. Mgonjwa wa kwanza alikuwa Papa. Wa pili alikuwa mbwa, tena hata hakuwa mbwa wangu.

Nianze na Papa, maana angenuna nikianza na mbwa. Papa alikuwa mfanyabiashara wa barabara ndefu. Kwa miaka mingi aliteremsha maharagwe na vitunguu kutoka Butembo hadi Goma, kwanza kwa lori la watu, halafu kwa lori lake mwenyewe. Mimi ndiye mtoto wake aliyebaki Goma, mwalimu wa shule ya msingi, na kila aliposhusha mizigo alikuja kulala kwangu Keshero, akila sana, akiongea sana, na asubuhi hayupo. Halafu barabara ikawa ya vita. Siku moja lori lake lilichomwa moto katikati ya mbuga, na yeye na dereva wake wakatembea siku mbili hadi walipopata watu. Alifika mlangoni kwangu na kiatu kimoja. Mguu wa pili ulikuwa na kidonda chini ya kisigino, na kwa kuwa alikuwa na ugonjwa wa sukari, kidonda kile hakikutaka kupona.

Tangu siku hiyo Papa alikaa. Nilimwekea kiti cha plastiki nyuma ya jikoni, akakielekeza kwenye ukuta wa mawe meusi ya volkano, akakaa. Kidonda kikawa kinafunga na kufunguka, lakini yeye hakuinuka. Nilikuwa nikitoka kwenda shule namwacha anautazama ukuta, narudi namkuta anautazama ukuta. Mtu aliyekuwa akinisimulia bei za vitunguu za masoko saba sasa ananijibu kwa kichwa tu. Mimi si mtu wa subira. Nilimwomba, nikamsihi, nikamfokea, kisha nikamburuza hospitali.

Daktari alimpima, akaushika ule mguu, akasema wazi: "Muzee, kidonda kinaanza kufunga. Sasa ni kutembea kidogo kidogo kila siku, damu ishuke na sukari ishuke. Ukibaki mu kiti, huu muguu tutaukata."

"Daktari," Papa akamjibu, "huu muguu umetembea kupita gari yako."

Tukarudi nyumbani, na yeye akarudi kitini. Nilimwambia atembee hata hadi kwenye lami na kurudi. Akaniuliza kuna nini kwenye lami. Nikasema hakuna kitu, ni kutembea tu. Akanitazama kama mtu aliyesikia mwanawe amechanganyikiwa. "Miye sitembei ya bure," akasema. "Mutu anatembea sababu iko na fasi ya kufika." Ndivyo walivyo watu wetu wa Butembo. Ukimwona mmoja wao barabarani, ama anapeleka kitu, ama anakwenda kukichukua.

Sasa mbwa. Jirani zangu walikuwa familia ya upande wa Bukavu, baba akiwa karani wa ofisi, watu wapole wenye sauti za chini. Habari za vita zilipozidi walipanda meli kwenda kwao, wakaniachia ufunguo na mbwa wao jike wa rangi ya udongo. Walisema watarudi baada ya majuma mawili. Nilimfunga nyuma ya nyumba, kama mtaa wote ulivyofunga mbwa wao, kwa maana kwetu mbwa wa ulinzi hafunguliwi mchana. Wanasema akizoea kuona watu atamkaribisha mwizi. Basi yule mnyama alishinda amefungwa, akanenepa, akabweka toka alfajiri hadi jioni, akala sabuni yangu, akala madaftari ya darasa la nne, na mwishowe akaanza kujitafuna mkia wake mwenyewe hadi ukawa nyama nyekundu. Hapo niliogopa. Watu wanamwacha mbwa wao mikononi mwangu, nami nitawarudishia nusu mbwa?

Daktari wa mifugo alimgeuza huku na huku. "Huyu hana ugonjwa, madamu. Amekosa kazi. Atembezwe nusu saa asubuyi, nusu saa mangaribi. Ataacha mukia yake."

Nilikasirika njia nzima. Huu ni mji ambao watu hutembea kwa sababu wamefukuzwa, au wanatafuta maji, au hawana nauli. Nani atoke akatembeze mbwa? Nilimsimulia Papa kwa kejeli, nikitazamia atikise kichwa kama kawaida. Akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo, cha puani, lakini sikuwa nimekisikia tangu lori liungue.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nakunywa chai nimesimama, aliponiuliza bila kuutoa uso ukutani: "Hii imbwa, banasema imekosa kazi?"

"Ndiyo, Papa."

"Na wewe uko na masomo."

"Ndiyo."

"Basi nani ataitembeza?"

Nikanyamaza. Mwalimu hujifunza kwamba mwanafunzi akikaribia jibu, usifungue mdomo. Mbwa alibweka mara mbili tatu. Papa akashika pande mbili za kiti, akajisukuma juu. "Letea kamba," akasema.

Nilikwenda shule naimba. Ningejua kilichokuwa kichwani mwake, ningeifunga kamba ile kwenye mguu wa meza. Nilikuwa nimemwambia nusu saa. Lakini kwa mtu wa barabara, nusu saa si kitu cha kutembea. Mbwa alikuwa mzigo, mzigo una pa kushushwa, na kurudi njiani kabla ya kufika ni aibu. Papa alikumbuka kwamba alikuwa na mteja wa zamani kule Lac Vert, akaamua kwamba mbwa atapelekwa Lac Vert. Kwa gari ni karibu tu kutoka kwetu. Kwa mguu wenye kidonda, na mbwa mnene ambaye kwa miezi hakuwa amepita hatua kumi, ni safari ya mateso.

Nilirudi saa saba, kiti ni kitupu, kamba haipo. Nilizunguka mtaa mzima nikiuliza. Mama muuza makala, yaani makaa ya kupikia, wa pembeni kwetu, ambaye hakuna kinachompita, akaniambia walielekea upande wa Sake tangu asubuhi. Saa tisa ikaingia pikipiki uani. Mbele dereva, katikati mbwa aliyefungwa miguu kwa kitenge, nyuma Papa ameshika kandambili mkononi. Mawe makali ya volkano yalikuwa yamemchana mbwa nyayo zote nne. Bandeji ya Papa ilikuwa imelowa damu na vumbi jeusi.

Nilimgombeza baba yangu mzazi mbele ya dereva wa pikipiki. Nilimwambia kwamba amewatafutia daktari na msumeno kazi. Nilimwambia kwamba mwishowe nitamzika kwa vipande. Maneno hayo bado yananichoma. Nilichemsha maji ya chumvi, nikamkalisha kitini, nikamlaza mbwa miguuni pake, nikaosha miguu sita kwa zamu. Ilikuwa hapo, mimi nimeinama, alipoanza kusimulia.

Mbwa alikuwa amelala katikati ya njia, karibu na vile vibanda vya turubai vya wakimbizi waliotoka Masisi, akakataa kuinuka. Papa akavuta kamba. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipita na bidoni la maji mgongoni akalitua chini.

"Muzee, unaiua hii imbwa."

"Daktari njo alisema itembee."

"Alisema itembee, hakusema ikufe. Angalia lulimi yake. Ikianguka upande moja, simama. Ikirudi mu kinywa, endelea. Kwetu tulikuwa na ngombe na imbwa za kuchunga, ni vile tulifanya. Ata batu ni vilevile, ila batu banaficha lulimi."

Akachota maji katika bidoni lile, maji aliyoyapangia foleni, akamnywesha mbwa kwa kiganja. Akafungua kitenge alichojitanda, kile cha juu, akazifunga nyayo za mbwa, akasimamisha pikipiki. Halafu akamuuliza Papa walikuwa wanakwenda wapi. Papa alitaka kusema kwa mteja, lakini mteja alikuwa amekwisha kuhama zamani, hilo alilijua hata alipotoka nyumbani. Akasema: "Fasi yoyote hapana. Natembeza tu."

Yule mwanamke alicheka hadi akakalia bidoni lake. "Kutembea bila kukimbizwa," akasema. "Mungu akuongezee, muzee."

Papa alipofika hapo aliacha kusimulia. Nami nikaacha kugomba. Jumapili iliyofuata, baada ya misa, nilikwenda na kitenge kimefuliwa na kupigwa pasi, na ndoo ya maharagwe, nikauliza kibanda hadi kibanda. Wengine walisema amehamia upande mwingine, wengine hawakumjua. Niliwaachia maharagwe, nikarudi na kitenge.

Kuanzia hapo tulikuwa na kipimo. Tulingoja nyayo na kisigino vipone kwanza, na majuma hayo mawili nilikuwa na wagonjwa wawili wenye hasira. Kisha Papa akaanza upya. Alitoka asubuhi mapema kabla jua halijayapasha moto yale mawe, akashika njia za udongo zinazoshuka ziwani, akitazama ulimi wa mbwa. Mwanzoni ulianguka upande kabla hawajafika kona ya pili, nao wakasimama, wakapumzika, wakarudi. Baada ya mwezi walifika maji. Baada ya miezi miwili nusu saa ya daktari ilikuwa inawatosha sawasawa. Mbwa aliuacha mkia wake, manyoya yakaota, na akanyamaza mchana kutwa, jambo ambalo mtaa mzima ulinipongezea mimi nisiyefanya lolote. Wala hakuna mwizi aliyekaribishwa. Papa akarudi kunisimulia bei za vitunguu, ingawa sasa alizisikia kwa simu kutoka kwa madereva wenzake wa zamani. Daktari alikitazama kisigino, akatazama karatasi ya sukari, akauliza Papa amemeza nini.

"Imbwa," Papa akasema.

Kila alipotoka alibeba kile kitenge. Alitumaini kukutana na yule mama mwenye kitenge, amrudishie. Ndani yake aliviringisha bakuli la mbwa na bandeji ya akiba, akakifunga fundo, akakitia begani, na mkononi akashika bidoni dogo la maji. Hakuna kati yetu aliyefikiria mzee mwenye furushi begani, bidoni mkononi na mbwa kambani anaonekanaje katika mji huu.

Vita vilisogea karibu na Sake. Kila siku waliingia watu wapya barabarani, magodoro kichwani, na mtaani kwetu kila mmoja alilala na viatu karibu. Asubuhi moja Papa aliamua kubadili njia. Alitaka kwenda upande wa mjini, kumsalimia rafiki yake wa Butembo, na akachelewa kutoka, kwa hiyo alitembea haraka jua lisije likayapasha mawe moto. Na kwa kuwa nilikuwa nimemwambia aache kusimama kila mlango kwa mazungumzo, maana kutembea kwa kusimamasimama si kutembea, alipita bila kumsalimia mtu.

Mama muuza makala alimwona. Alijua, kama wote walivyojua, kwamba mzee huyu ana madereva wanaompigia simu kutoka kila barabara. Alimwona na furushi, bidoni na mbwa, anakaza mwendo kuelekea mjini, uso mbele, hasalimii. Akamwaga maji kwenye jiko lake na kuanza kufunga magunia.

Mimi nilikuwa darasani na hesabu za kugawanya. Mama mmoja akasukuma mlango, akamshika mtoto wake mkono. "Madamu, batu banakimbia. Ule muzee wa Butembo ameisha kupita na mizigo." Akaja wa pili, wa tatu. Nami, niliyemwona akilifunga lile furushi asubuhi ile, niliyejua fika kwamba ndani yake mna bakuli la mbwa, niliamini. Woga ulikuwa umetuingia hivyo. Niliwaruhusu watoto, nikakimbia nyumbani na sanduku la chaki kifuani. Njiani chukudu, yale magari ya mbao ya kusukuma kwa mguu, zilikuwa zimepakiwa magodoro na masufuria. Mtu alikuwa juu ya nyumba yake anang'oa mabati. Mbuzi mmoja alikuwa amefungwa ndani ya toroli, analalamika kwa sauti kuliko wote.

Na katikati ya vurugu hiyo, kutoka upande wa mjini, akaja Papa na mbwa. Hakumkuta rafiki yake. Walikuwa wanatembea polepole, ulimi wa mbwa ukiwa ndani.

"Kuna nini?" akaniuliza. "Banakimbia nani?"

"Banakukimbia wewe, Papa," nikasema, nikaketi juu ya sanduku la chaki.

Jioni ileile tuliitwa kwa shefu wa avenyu, mkuu wa mtaa wetu. Palikuwa na watu wengi na maneno makali, na mtu wa mabati hakutaka hata kumtazama Papa. Shefu aliwasikiliza wote, kisha akatoa hukumu yake. Muzee anaruhusiwa kutembeza mbwa. Lakini apite kila siku kwa njia moja, mikono mitupu, bila furushi wala bidoni. Kwenye kila lango aseme kwamba anatembea tu. Na arudi kwa njia ileile, watu wamwone anarudi.

"Na kitenge ya batu?" Papa akauliza. Wakaulizana kitenge gani. Aliposimulia, shefu akasema kitenge ajifunge kiunoni, hakuna atakayekimbia kitenge cha kiunoni.

Ndivyo ilivyoanza. Kila asubuhi ilisikika sauti yake langoni kwa watu: "Tunatembea tu." Nao ndani wakajibu, wengine bado wanapiga mswaki: "Tembeeni." Nusu saa baadaye akapita tena. Sijui ni lini hasa mtaa ulianza kumtegemea. Najua tu kwamba ilifika wakati akina mama hawawapeleki watoto shule kabla mbwa hajarudi, na darasani kwangu wanafunzi wa upande wetu wakichelewa, waliniambia imbwa ilikawia ku ziwa. Redio ilisema lake, simu zilisema lake, lakini mtaa wetu ulimngoja Papa.

Mimi nilikuwa na siri moja ambayo sikumwambia mtu. Tangu siku ile alipokuja na kiatu kimoja nilikuwa nimeamua kwamba vita vikifika Keshero, mimi sitakimbia. Singeweza kumbeba, wala singeweza kumwacha. Nilikuwa nimelikubali jambo hilo na kulificha, kama mtu anavyoficha barua mbaya kwenye sanduku.

Siku ilifika. Mizinga ilianza kusikika upande wa Sake kabla ya chai, na kufikia saa mbili mabati yetu yalikuwa yanatetemeka. Nilikaa kwenye kizingiti cha jikoni. Papa akasema kama siku ile ya kwanza: "Letea kamba."

Alikifungua kitenge kiunoni. Akaweka ndani bakuli, dawa zake, bandeji na mkate, akakifunga fundo, akakitia begani. Akajaza bidoni maji. Mimi nilichukua godoro dogo na nguo. Tulipotoka alipita lango la kwanza na furushi lake, hakusema kitu. Akapita la pili kimya. Wala haikuhitajika neno. Nyuma yetu nilisikia malango yakifunguliwa moja baada ya jingine, na mtaa wote ukatoka.

Barabarani watu walikuwa wengi kama mvua, na wote wanakimbia. Nilimwambia Papa tufanye haraka. Akanionyesha mbwa. Tulitembea mwendo wa ulimi wa mbwa, kutoka Keshero hadi Murara kwa yule rafiki yake. Ulimi ulipoanguka upande, alisimama, akakaa juu ya jiwe, akamwagia mbwa maji kwenye bakuli, akanywa na yeye. Ulipoingia, akainuka. Mara ya kwanza nililia kwa hasira, maana watu wa mtaa wetu walitupita na kutuacha. Mara ya tatu tuliwakuta wameanguka pembeni mwa njia, mama muuza makala ameshika kifua. Papa akamwekea bidoni mkononi. "Ukae," akamwambia, "imbwa bado." Baada ya hapo walitufuata. Kundi la watu ishirini na zaidi, na mizinga nyuma yetu, tukingoja ulimi wa mbwa wa watu wa Bukavu. Tulifika Murara wote. Nilimvua Papa kiatu. Soksi ilikuwa kavu.

Siku kadhaa baadaye milio ilinyamaza na tukarudi. Mji ulikuwa na wakubwa wapya. Redio ilitangaza shule zifunguliwe, lakini hakuna aliyefungua hata dirisha. Mtaa wetu ulikuwa kimya kiasi kwamba tulisikia kuku wa mbali. Tulikaa ndani siku mbili. Siku ya tatu mbwa alianza kuutazama mkia wake.

Papa alijifunga kitenge kiunoni, akachukua kamba, akatoka na mikono mitupu. Nilimfuata hadi langoni, sikuthubutu zaidi. Nilimsikia langoni kwa jirani wa kwanza: "Tunatembea tu." Hakuna jibu. Lango la pili, hakuna. Lango la mtu wa mabati, hakuna. Alisema vilevile kila mahali, hakuongeza sauti. Kwenye lango la mwisho kabla ya kona, mama muuza makala akajibu kutoka ndani: "Tembeeni, muzee."

Ilikuwa nusu saa ndefu. Waliporudi, malango manne yalikuwa wazi, na mama yule alikuwa ametoa gunia lake nje, anapanga makala mafungu mafungu. Mtu wa mabati alikuwa amesimama mlangoni pake. Kesho yake nilikuwa na wanafunzi sita darasani, na juma lililofuata thelathini.

Jirani zangu wa Bukavu hawakurudi baada ya majuma mawili, wala baada ya miaka miwili. Waliniandikia kwamba wameanza maisha huko, mbwa niwe naye. Nawashukuru. Namshukuru daktari wa mifugo niliyemkasirikia njia nzima. Na yule mama wa Masisi, ambaye hakuwa na kitu naye akatupa maji na kitenge, namshukuru kila siku ninapokunja kitenge chake, nikimwomba Mungu kwamba popote alipo anatembea bila kukimbizwa.

Papa alifariki miaka kadhaa baada ya hapo, alasiri moja, kitandani pake, akiwa ametoka kutembea na kula. Wazee wa kanisa waliomwosha walipomaliza, niliingia, nikafunua shuka upande wa chini. Nilitaka tu kuona. Tulimzika na miguu yake yote miwili.

Asubuhi ya kwanza baada ya matanga kwisha, nilikuwa nyuma ya jikoni, nimekaa kwenye kile kiti cha plastiki, natazama ukuta. Mlango ukagongwa. Alikuwa mama muuza makala, amejitanda vizuri, mikono ameiweka mbele.

"Madamu, unisamehe," akasema. "Imbwa haiyapita leo. Batoto banauliza kama baende ku masomo."

Nilimwambia naja. Nilijifunga kitenge kiunoni, nikamfungua mbwa, tukatoka. Kwenye lango la kwanza sauti haikutoka. Mbwa alisimama akaningoja, kama alivyozoea kungojwa yeye. Nikajaribu tena.

"Tunatembea tu," nikasema.

"Tembeeni, madamu," wakajibu ndani.

Tulirudi kabla ya nusu saa kwisha, maana mbwa amezeeka na kipimo chake kimepungua. Tulipofika langoni kwetu, nyuma yetu watoto walikuwa wamekwisha kutoka kwenda shule.